Kobalti: kompyuta inahesabu tani, mchimbaji wa Kambove hajaulizwa

Tangu tarehe 16 Oktoba 2025, kobalti ya Kongo haitoki nchini bila mgao. Serkali ilikuwa imefunga mauzo ya nje mwezi wa Februari mwaka huo kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, kisha ikaweka kiwango: tani 18.125 hadi mwisho wa 2025, na tani 96.600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027. ARECOMS, mamlaka inayosimamia soko la madini ya kimkakati, ndiyo inayogawa. Kwa hiyo kila kilo inapaswa kuwa na asili inayojulikana, na ndiyo sababu kila mkutano wa madini siku hizi unazungumzia mifumo ya kompyuta ya kufuatilia jiwe tangu kisimani hadi kiwandani.

Kambove, mji wa migodi karibu na Likasi, unaijua habari ya kuhesabiwa. Union Minière ilihesabu shaba yake hapo kabla ya Gécamines. Jambo jipya ni kwamba mfumo wa leo unahitaji taarifa kutoka kwa mtu ambaye hakuna kampuni iliyomwajiri: mchimbaji wa mikono. Na huyo ndiye wa mwisho kuitwa wakati mfumo unapobuniwa, kama anaitwa.

Tazama majaribio makubwa ya kwanza. Mwaka 2019 Ford, IBM, LG Chem na Huayou walitangaza jaribio la kufuatilia kobalti ya Kongo kwa daftari la kompyuta ambalo hakuna mmoja anayeweza kulifuta peke yake. Baadaye Glencore, CMOC na ERG wakaanzisha mfumo wao, Re|Source. Yote mawili yalianzia kwenye mgodi wa viwanda, na sababu inaeleweka. Katika mgodi wa kampuni kuna mzani mmoja, bwana mmoja na mfanyakazi anayeamriwa kuandika namba. Hapo mradi unahitaji kukubaliana na wakurugenzi tu.

Kwenye shimo la mchimbaji wa mikono hali ni nyingine kabisa. Jiwe linapita kwa anayechimba, anayeosha, anayebeba, koperative, wakala wa SAEMAPE, mchuuzi, kisha depo ya mnunuzi. Kila mmoja ana hesabu yake, na wengine wanaishi kwa tofauti iliyopo kati ya hesabu hizo. Wachimbaji wa Katanga wanaifahamu vizuri Metorex, mashine ndogo inayopima kiasi cha kobalti ndani ya jiwe. Malalamiko ni ya miaka mingi: mashine ni ya mnunuzi, anayeishika ni mtu wa mnunuzi, na namba inayotoka ndiyo bei. Ukiingiza namba hiyo kwenye kompyuta bila kuigusa, umeandika ugomvi ule ule kwa herufi safi zaidi.

Watu wa Kivu na Tanganyika wameshaona filamu hii. iTSCi ilipoanza kufunga lebo kwenye magunia ya koltani na kasiteriti zaidi ya miaka kumi iliyopita, ahadi ilikuwa jiwe safi. Aprili 2022 Global Witness ilitoa ripoti ikionyesha kwamba madini ya sehemu zisizoruhusiwa yalikuwa yanaingia kwenye magunia yenye lebo. Gharama za mfumo zilikuwa zinashuka mpaka kwenye bei ya shimoni, na wakala anayefunga lebo alikuwa mtumishi mwenye mshahara mdogo au asiyelipwa kwa wakati. Mfumo ulimwomba awe mwaminifu bila kumuuliza anakula nini.

EGC, kampuni ya serkali iliyoundwa kwa amri ya Novemba 2019 ili inunue peke yake kobalti ya wachimbaji wa mikono, nayo ilionja hayo. Ilizinduliwa Kolwezi Machi 2021, ikiwa na kanuni zake za ununuzi tayari. Ilichukua hadi Novemba 2025 kuonyesha tani 1.000 za kwanza zenye asili inayofuatilika. Katika miaka hiyo minne kobalti haikuacha kutembea, ilipita kwa njia zake za kawaida. Amri ilikuwa imetolewa kabla ya kuketi na wale watakaopoteza: wenye depo, wenye koperative walio karibu na wakubwa, na wenye vibali vya ardhi ambako watu wanachimba.

Suala la vibali ndilo zito kwa Kambove. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inamtaka mchimbaji awe na kadi, awe ndani ya koperative iliyokubaliwa na achimbe katika eneo lililotengwa. Lakini sehemu nyingi zenye jiwe zuri tayari ni za Gécamines na washirika wake. Simu ikimuuliza mchimbaji wa namna hiyo jina la shimo lake, inamuuliza akiri kosa. Hatajibu. Atauza usiku kwa mwenye namba ya halali, na kompyuta itaandika kwamba shimo la halali limezaa maradufu. Hakuna programu inayotibu hilo. Linahitaji Gécamines kuachia maeneo, na hayo ni mazungumzo ya Lubumbashi na Kinshasa.

Hata hivyo, yapo yanayoweza kufanywa kwenye mzani. Mchimbaji apewe risiti, kwa Kiswahili, yenye uzito, kiwango cha Metorex na bei, naye abaki nayo. Koperative iwe na mashine ya pili ya kupimia, isiyo ya mnunuzi. Namba ikikosewa, ijulikane nani anairekebisha na kwa siku ngapi. Chefu wa kimila aone jumla ya tani zilizotoka kwenye ardhi yake, kwa sababu asiyeona chochote ndiye anayefunga barabara.

Na kuna swali dogo ambalo wataalamu hulipita haraka: mwandishi wa mzani anatumia simu ya nani, na vocha yake inalipwa na nani siku mtandao unaporudi?