Kurasa Tunazoziruka

Katika maktaba za zamani za misioni bado vimo vitabu vya Kifaransa vilivyochapwa kabla ya Uhuru, ambavyo kurasa zake zilitoka kwa mchapaji zikiwa zimekunjwa pamoja. Msomaji alipaswa kuzikata kwa kisu kadiri alivyoendelea kusoma. Miaka michache iliyopita tulipewa kazi ya kupanga rafu za maktaba ya namna hiyo. Tulikuta vitabu vingi ambavyo kurasa arobaini au hamsini za mwanzo zimekatwa, katikati pote pamefungwa, na mwishoni kurasa chache zimekatwa tena. Wasomaji wale hawakuandika popote kwamba waliruka. Kisu chao kiliwasema.

Tulicheka, kisha tukanyamaza. Vitabu vya siku hizi hutoka vikiwa vimekatwa tayari, na hakuna awezaye kujua ni wapi macho yetu yalipita bila kusoma.

Tabia hii ina watetezi wenye heshima. Daniel Pennac, mwalimu wa Kifaransa na mwandishi wa riwaya, katika kitabu chake Comme un roman cha mwaka 1992 alihesabu haki kumi za msomaji, na ya pili ni haki ya kuruka kurasa. Hoja yake si ya uvivu. Anasema kwamba kijana asipojichagulia mwenyewe la kuruka, wengine watamchagulia, wampe kitabu kilichokwisha kupunguzwa. Naye Papa Fransisko, katika barua yake ya Julai 2024 juu ya nafasi ya fasihi katika malezi, alisimulia jinsi alivyofundisha huko Santa Fe, Argentina, mwaka 1964 na 1965. Wanafunzi wake hawakupendezwa na El Cid. Akawaachia waisome nyumbani, na darasani akazungumza nao juu ya waandishi ambao wao wenyewe waliwapenda zaidi.

Sisi tunakubaliana nao kwa sehemu. Kitabu si adhabu, na anayelazimishwa kumeza kila neno mwisho huchukia kusoma. Hata Kanisa huruka: katika Liturujia ya Vipindi iliyotengenezwa upya mwaka 1971, Zaburi tatu zenye maneno makali ya laana, yaani ya 58, ya 83 na ya 109, ziliachwa. Lakini ziliachwa kwa kutangazwa wazi na kwa kutoa sababu, nazo zimebaki katika Biblia ya kila mmoja wetu. Aliyeziacha alikuwa amezisoma.

Basi ubaya uko wapi? Kwanza, arukaye hajui anachokiacha. Victor Hugo, katika Les Misérables ya mwaka 1862, anafungua sehemu ya pili kwa sura kumi na tisa juu ya vita vya Waterloo. Wasomaji wengi huziruka, wakidhani ni historia iliyopotea njia. Lakini mwisho wa sura hizo, usiku, mwizi aitwaye Thénardier anampekua afisa aliyelala kati ya maiti, na afisa huyo, akizinduka, anaamini kwamba ameokolewa naye. Mbali sana mbele, mtoto wa afisa huyo, Marius, anashindwa kutoa ishara ya kuwaita polisi, kwa sababu baba yake alimwachia wosia wa kumtendea mema Thénardier. Aliyeruka Waterloo hakuuona wizi ule kwa macho yake. Naye, kama Marius, anabaki na sifa bila kujua asili yake.

Pili, Pennac anaandikia nyumba ambamo kitabu hubaki rafuni, kikimngoja msomaji arudi akiwa mkubwa. Kwetu hapa Kongo, mara nyingi kitabu kimoja hutumikia darasa zima. Mwalimu huandika muhtasari ubaoni, watoto hunakili katika madaftari yao, na kitabu hurudi kabatini. Ukurasa ambao mwalimu ameuruka haumo katika daftari la mtoto yeyote. Sisi tuliofundishwa ualimu tumetenda hivyo mara nyingi, tukijitetea kwa ufupi wa saa.

Na tukiri kosa letu wazi. Mwaka mmoja tulikuwa tukiwaandaa watu wazima kwa Ubatizo. Tulipofika mwanzo wa Injili ya Matayo tuliwaambia: “Hapa ni majina matupu, tuanze mstari wa 18.” Baada ya somo, mama mmoja alibaki. Alikuwa akimlea mtoto aliyemzaa nje ya ndoa, na mtaani jambo hilo halikusahauliwa. Akatuuliza kwa adabu: “Mwalimu, kama majina yale hayana kazi, kwa nini aliyeandika aliyatanguliza?”

Hatukuwa na jibu. Usiku ule tuliisoma orodha yote, jina kwa jina. Kati ya mababa wale tulikuta wanawake wanne kabla ya Maria: Tamari, aliyezaa na baba mkwe wake, Rahabu, kahaba wa Yeriko, Ruthu, mjane mgeni kutoka Moabu, na yule ambaye Mwinjili hamwiti kwa jina lake, bali anasema mke wa Uria. Tulikuwa tumeifundisha sura hiyo kwa miaka mingi. Mistari iliyomhusu mama yule kuliko mtu yeyote darasani, ndiyo tuliyokuwa tumemfungia.

Juma lililofuata tuliisoma orodha kwa sauti, tukaeleza. Mama yule hakusema neno. Aliomba kalamu kwa jirani yake, akapiga mstari chini ya majina manne.

Tangu hapo tunashika mambo matatu, nasi tunawapa wenzetu wayapime. Anayejisomea peke yake ana ruhusa ya kuruka, ila aweke alama ya penseli mahali aliporuka, ili ajue deni lake. Anayesoma kwa ajili ya wengine, awe mwalimu, katekista au mzazi, hana ruhusa hiyo: asome yote kwanza, ndipo achague, na awaambie wasikilizaji ni nini kilichoachwa. Tena, kila mmoja achunguze ni wapi macho yake huteleza. Si mara zote tunachoshwa, pengine tunaguswa. Mwenye kuajiri watu hupita haraka sura ya 5 ya Barua ya Yakobo, panapotajwa ujira wa wavunaji uliozuiliwa, naye katekista hupita haraka palipokemewa walimu.

Tulipomaliza kupanga rafu zile, tuliomba ruhusa ya kuacha kisu cha karatasi juu ya meza ya wasomaji. Kabla ya kuondoka tulichukua kitabu kimoja ambacho sisi wenyewe, tukiwa vijana, tulijisifu kuwa tumekisoma. Katikati yake palikuwa bado pamefungwa. Tuliketi, tukaanza kukata.