Asante kwa Wote Walioibeba Ngoma ya Uzazi

Leo hatuna mapishi wala mshono. Leo tuna neno la shukrani, na shukrani zenyewe tunazivusha bahari mpaka Songea, mkoani Ruvuma, kwa wanawake ambao wengi wetu hatujawahi kuwaona kwa macho.

Wako wanafunzi wa sanaa, wa Bagamoyo, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kwengineko, ambao hutakiwa watoe kazi zao wenyewe jukwaani. Mmoja ataandika mchezo wa kuigiza, mwengine atatunga ngoma. Akitokea binti akasema ngoma yake itahusu uzazi na malezi, siku ya onyesho watu humpigia makofi na kumpiga picha, na jina lake huandikwa kwenye karatasi ya ratiba. Anastahiki. Lakini sisi tunaona makofi yale yanaishia njiani. Nyuma ya binti yule wako watu waliomshika mkono, na wengi wao ni wanawake ambao hata nauli ya kuja kuitazama ngoma yao wenyewe hawakupewa.

Kwa nini tuseme Songea? Kwa sababu kusini kule ngoma bado zina wenyewe. Wangoni wana lizombe yao. Upande wa Mbinga na Ziwa Nyasa iko kioda, ngoma ya wanawake, wanaocheza kwa mstari wakiwa wamevaa sare. Binti akitaka kujua mwanamke wa kusini anavyoinama shambani na mtoto mgongoni, au anavyopokea habari ya mimba iliyoharibika, hatoyapata kitabuni. Atayapata kwa bibi anayemwambia, "Hapana mjukuu wangu, bega lisipande hivyo, mwenye uchungu hapandishi bega." Neno kama hilo limekaa mwilini mwa mtu miaka sitini. Nani atalilipa?

Tena Songea ni mji unaojua gharama ya kumbukumbu. Tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Vita vya Majimaji, Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67 wa Kingoni pale. Katika kumbukumbu hizo limo jina la mwanamke, Nkomanile, kiongozi aliyeuliwa pamoja na wanaume. Makumbusho ya Majimaji yapo mpaka leo, na kila Februari watu hukusanyika kuwakumbuka mashujaa, na ngoma huchezwa. Lakini baada ya kamba ilikuja njaa, kwa kuwa mashamba na maghala yalichomwa moto. Waliobaki na watoto ni akina mama. Jina la Nkomanile tunalo, la mama aliyechimba mizizi porini ili mwanawe apate cha kutafuna hatunalo. Basi inapochezwa ngoma ya uzazi katika ardhi ile, tujue inamtaja na huyo.

Na sisi watu wa visiwani tusijifanye wageni katika jambo hili. Njia ya misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa ilipita kusini huko huko, na kutoka Kilwa majahazi yakaja Unguja. Wanawake waliletwa hapa hawana kitu mkononi, wana nyimbo kichwani tu. Unyago wetu una mizizi yake kwa Wayao, Wanyasa na Wandonde. Bibi zetu waliotufunda nyuma ya mlango uliofungwa, wakatupigia msondo, walikuwa wanatupa amana iliyotoka bara kwa miguu. Kwa hivyo tukiwashukuru wanawake wa Ruvuma tunalipa deni la zamani.

Tumtazame na Bi Kidude wetu, Mungu amrehemu. Alikuwa kungwi, akawafunda wanawari wengi kisiwani, na yeye mwenyewe hakujaaliwa mtoto wa kumzaa. Dunia ilimpa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, akiwa kikongwe tayari, na akafariki tarehe 17 Aprili 2013. Tunajifunza mawili kwake. Kwanza, umama si tumbo peke yake. Anayekufunda, anayekulelea, anayekushika kiuno siku ya uchungu, huyo naye ni mama, na ngoma ya uzazi isiyomtaja ina upungufu. Pili, heshima isingoje mtu afike uzeeni ndipo imtafute. Wako akina Bi Kidude wengi Songea, Namtumbo na Tunduru ambao hakuna atakayewatafuta kwa kamera. Mwanafunzi akienda kwao, huenda ndiye mtu wa kwanza aliyewauliza wanajua nini.

Tunajua wapo dada watakaotuuliza: nyinyi, ngoma na dini wapi na wapi? Suali ni la haki. Sisi tunasema hivi. Shukrani yenyewe ni dini. Tumefundishwa kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu, na katika Sura Luqman, mama aliyebeba mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu anatajwa pale pale mtu anapoamrishwa kumshukuru Mola wake na wazazi wake. Ama ngoma, mipaka yake wanawake wenyewe wanaijua. Yapo ya uwanjani na yapo ya chumbani. Bibi akimwambia binti, "Hili nakufundisha, lakini usilipeleke mbele ya wanaume," binti akalipeleka ili onyesho lake lipendeze, huyo amevunja amana hata kama amepata alama za juu. Sehemu ya kushukuru ni kunyamaza pale ulipoombwa unyamaze.

Kwa nini lakini tujishughulishe na ngoma wakati wanawake wana mahitaji makubwa zaidi? Kwa sababu uzazi ni jambo la kufa na kupona, na mambo ya kufa na kupona hayaelezwi kwa vipeperushi peke yake. Takwimu za taifa za mwaka 2015/16 zilionyesha vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai laki moja. Za mwaka 2022 zikaonyesha 104. Alhamdulillah, wakunga na madaktari wamefanya kazi kubwa. Lakini katika hao 104 kila mmoja ana jina, na ana mtoto aliyebaki na bibi yake. Msichana aliyeona uwanjani jinsi ndugu walivyochelewa kumpeleka mzazi hospitali kwa kungoja ruhusa ya mume aliye safarini, hatosahau haraka. Hili wataalamu wetu walilijua zamani. Mwaka 1996 Profesa Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha Tuseme, wasichana wa sekondari wakatumia maigizo, nyimbo na ngoma kusema yanayowakwaza masomoni, na mimba ikiwemo.

Na hapa pana kidonda. Kwa miaka mingi neno "mwanafunzi" na neno "mama" yalikuwa hayakai sentensi moja ila kwa aibu. Aliyezaa alifunga daftari. Zanzibar ilitangulia kuwaruhusu warudi skuli. Tanzania Bara ikatangaza ruhusa hiyo tarehe 24 Novemba 2021. Ruhusa ipo, lakini anayemlea mtoto wakati mama yake yuko darasani ni nani? Ni bibi. Ni shangazi. Ni jirani anayesema, "Mwache hapa, nenda." Watu hawa hawamo katika waraka wowote wa serikali. Ikiwa mwanafunzi anacheza uzazi jukwaani, nao wanalea mtoto nyumbani ili yeye afike mazoezini, basi nao wamo katika ngoma ile.

Kwa hiyo tunasema asante. Asante kwa bibi wa kioda aliyefundisha hatua zile zile mara ishirini bila kuchoka. Asante kwa mpiga ngoma aliyeacha shamba lake la mahindi siku za palizi. Asante kwa fundi cherehani aliyeshona sare kwa mkopo. Asante kwa mkunga aliyetoka zamu ya usiku, macho mekundu, akakaa na binti akamweleza mzazi anavyopumua. Asante kwa mama aliyekubali kusimulia mtoto aliyempoteza, kisha akanyamaza, kisha akaendelea. Asante kwa mume aliyebaki na watoto bila kuhesabu.

Lakini asante ya mdomo ni nyepesi. Dada zetu mnaosoma sanaa, wadogo zetu, tunawaomba mambo yasiyo magumu. Waandikeni walimu wenu kwa majina yao kamili wakiridhia, msiandike "wanakijiji". Kabla hamjaanza, elewaneni posho ya bibi kama mnavyoelewana na mwenye ukumbi. Rudini kijijini muicheze ngoma hapo ilipozaliwa, waikosoe wenyewe. Na wakuu wa vyuo, wekeni fungu la walimu hawa katika bajeti ya mafunzo, maana nao ni walimu.

Sisi wengine tusio wachezaji tunayo kazi pia. Tukialikwa kwenye onyesho twende, tulipe kiingilio, tupeleke na binti zetu. Na ngoma ikiisha, tusikimbilie kupiga picha na mchezaji tu. Tuulize: aliyekufundisha yuko wapi, tumpe mkono? Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Uchungu wa ngoma nao anaujua aliyeibeba miaka yote hiyo, akasubiri mtu wa kumpokea.

Mungu awalipe kheri akina mama wa Songea, na awape umri wa kuona wajukuu wakicheza.