Tusiiachie Fyuzi Kazi ya Kuhesabu



Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niseme neno juu ya hesabu za umeme. Wenzangu wa madarasa ya juu wanazijua kwa ghaibu: ukitaka ukinzani, gawa volti kwa ampea, ukitaka nguvu, zidisha volti kwa ampea, utapata wati. Waamshe usiku wa manane, watakujibu. Lakini waonyeshe pasi ya nyumbani na uwaulize inavuta ampea ngapi, watacheka, kana kwamba pasi si somo la fizikia. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Huku kwetu Buterere si ajabu kuona waya umepita juu ya ukuta, kutoka nyumba yenye mita kwenda kwa jirani asiye nayo. Ujirani ni mwema, wala siulaumu. Ninalouliza ni hili: nani amehesabu waya ule?

Tuuhesabu basi. Tuseme nyumba ya pili iko mita 30, na waya ni ule mwembamba wa shaba, milimita za mraba 0.75. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo njia yake ni mita 60, na ukinzani wake ni kama omu 1.4. Jirani akichomeka pasi ya wati 1,000 katika umeme wa volti 220, pasi ina ukinzani wa omu 48.4. Ukijumlisha na waya ni 49.8, na mkondo ni ampea 4.4. Joto linalobaki ndani ya waya ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, yaani wati 27. Zimetawanyika katika urefu wote, hakuna anayezihisi.

Siku ya sikukuu pasi inaondolewa, linakuja jiko la umeme la wati 2,000. Ukinzani wa jiko ni omu 24.2, mkondo unapanda hadi ampea 8.6. Mkondo haukufika hata mara mbili ya ule wa kwanza, lakini joto la waya ni wati 103, karibu mara nne! Jiko lenyewe linapata volti 208 tu, na wati 1,790 hivi. Mwenye mita analipia wati 1,890. Na kama waya uliobaki umeviringishwa na kufunikwa na mkeka, joto hilo litatokea wapi?

Hapo mwenzangu mmoja hunijibu kwamba fyuzi ipo, itakata. Jibu hili nalisikia kila mara, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Fyuzi huangalia mkondo peke yake. Chukua waya ule ule, ukatwe katikati na kuunganishwa kwa kusokotwa na vidole, kisha uvishwe utepe. Baada ya mvua mbili tatu shaba inaota kutu, na kiungo kinapata ukinzani wake chenyewe, tuseme omu 1. Sasa jumla ni omu 26.6 na mkondo umeshuka hadi ampea 8.3. Fyuzi ya ampea 10 inaona mambo yamekuwa mazuri kuliko jana! Lakini kiungo kile, kisichozidi ncha ya kidole, kinatoa wati 68. Chuma cha fundi redio cha kulehemu mara nyingi hakifiki hapo, nacho huyeyusha risasi. Weka joto hilo karibu na pazia au godoro.

Tarehe 7 Desemba 2021 moto uliwaka katika gereza la Gitega. Serikali ilitangaza kwamba watu 38 wamekufa, na wizara ya mambo ya ndani ikasema chanzo ni hitilafu ya umeme. Sijui waya zile zilikuwaje, wala si kazi yangu kuhukumu. Nasema tu kwamba watu wanaolala wengi chumba kimoja, kama sisi wa bwenini, wana haki ya kujua kinachopita ukutani.

Wengine husema hesabu hizi ni za mafundi. Georg Simon Ohm, ambaye jina lake tunalitaja kila tukisema omu, alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari mjini Cologne alipozipima nyaya zake, na kitabu chake kilitoka mwaka 1827. (Tahadhari moja kwa watakaopima: balbu ya zamani yenye uzi, ya wati 100, ina omu 484 ikiwaka, lakini ikiwa baridi ni sehemu ndogo tu ya hizo. Msiseme kipimo kimeharibika.)

Kwa hiyo naomba waalimu wetu, kwa heshima, katika zoezi lijalo wasitupe volti na ampea zilizokwisha andikwa ubaoni. Watutume nyumbani tukasome kibati kilicho chini ya pasi na nyuma ya jiko, tupime urefu wa waya kwa hatua, tutazame umeungwa mara ngapi, kisha tuje na jibu la wati zinazobaki njiani. Na kabla ya nyumbani, tuanze na waya unaotoka bwalo kwenda chumba cha kupigia pasi. Una viungo vitatu, nimevihesabu.