Tuanze Uwanjani Kabla ya Angani

Hapana shaka kuwa miongoni mwa zana zinazowavutia sana wanafunzi katika somo la Jiografia ni picha za dunia zinazochukuliwa na setilaiti. Hatuna ugomvi na zana hizo. Hata hivyo, twaona yafaa kutoa tahadhari. Picha ya setilaiti ni ngumu kuliko inavyoonekana, na mwalimu anayeitundika ukutani kabla ya kuwatoa wanafunzi nje ya darasa huenda akawafundisha uongo kwa nia njema.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliwahi kuketi nyuma ya darasa la sita. Mwalimu mwanafunzi alitundika picha ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa nyekundu. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona hapa pote ni pekundu?" Akajibiwa, "Hapo msitu unaungua." Darasa zima likaandika hivyo katika madaftari. Kumbe palipokuwa pekundu ndipo palipokuwa na msitu mzima, wenye majani mabichi. Lawama haikuwa ya mwalimu yule peke yake. Sisi wakufunzi ndio tuliomkabidhi zana bila ya kumfundisha namna ya kuisoma.

Kwa nini basi msitu uonekane mwekundu? Setilaiti hupima mwanga wa jua unaoakisiwa na ardhi, na huupima kwa mafungu. Jani bichi hufyonza sehemu kubwa ya mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, lakini huakisi kwa wingi mionzi ya infraredi iliyo jirani na mwanga huo, ambayo jicho la mwanadamu haliioni. Kwa kuwa mionzi hiyo haionekani, mtengenezaji wa picha hana budi kuipa rangi ya kuazima, na desturi ya siku nyingi ni kuipa nyekundu. Maji safi hufyonza mionzi hiyo, kwa hiyo huonekana meusi. Kupima mwanga ni sayansi. Kuchagua rangi za kuuonyesha ni sanaa. Asiyeijua sanaa hiyo ataisoma sayansi kinyume.

Kazi hii si ngeni. Setilaiti ya kwanza katika mfululizo uitwao Landsat ilirushwa na Marekani tarehe 23 Julai, 1972. Landsat 9, iliyorushwa mwaka 2021, huizunguka dunia katika kimo cha kilometa 705 hivi, na hurudi juu ya mahali pale pale kila baada ya siku 16. Faida yake kubwa ni huko kurudi. Mtu anayepita mara moja huona bonde. Anayerudi kwa miaka 50 huona bonde likibadilika.

Lakini hata shahidi mwaminifu huhitaji mkalimani. Tuchukue mfano wa magugu-maji yaliyotapakaa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1990. Katika picha za setilaiti, Ghuba ya Winam upande wa Kenya ilionyesha mabaka mapana yenye dalili zote za mimea yenye afya njema. Kwa kipimo cha mwanga, hapakuwa na kosa. Lakini wavuvi walioshindwa kutoa mitumbwi yao mialoni walijua kwamba ustawi huo wa majani ulikuwa msiba wao. Picha ilieleza magugu yalikuwa wapi na yalisogea kiasi gani; watu wa ziwani ndio walioeleza maana yake. Wataalamu walihitaji habari za pande zote mbili walipotaka kujua kama wadudu aina ya fukusi, walioletwa kuyala magugu hayo, walikuwa wakifanya kazi.

Kwa sababu hiyo, maoni yetu ni kwamba somo hili lianzie uwanjani. Zana zake ni vigingi vinne, kamba, penseli na daftari. Wanafunzi na wapime mraba wenye meta 30 kila upande, kwa kuwa eneo kama hilo, la meta za mraba 900, ndilo Landsat huliona kama doa moja katika picha zake za kawaida. Wagawanywe katika vikundi, waandike kila kilichomo: nyasi, mwarobaini, njia ya miguu, udongo mtupu, pembe ya paa la darasa. Kisha mwalimu aulize: kama eneo hili lote lingepakwa rangi moja tu, iwe rangi gani? Watabishana, na ubishi huo ndio kiini cha somo. Watatambua wenyewe kwamba doa moja la picha ni jumla ya vitu vingi, na kwamba mti mmoja waweza kupotea ndani yake.

Mraba ule ule upimwe tena baada ya mvua za masika, na tena wakati wa kiangazi. Hapo wanafunzi watakuwa wamefanya kwa miguu yao kile ambacho setilaiti hufanya kwa kurudi. Baada ya hayo ndipo ramani ya kijiji ichorwe, na mwisho kabisa ndipo picha itundikwe. Shule isiyo na picha haikukosa somo. Imekosa hatua yake ya mwisho tu.

Wako watakaosema kuwa muda hautoshi na mtihani unakaribia. Twakubali kuwa vipindi ni vichache. Lakini dakika arobaini za kukariri kwamba nyekundu ni moto hazikuokoa muda wowote, kwani atahitajika mwalimu mwingine kuufuta uongo huo.

Ndugu walimu watarajiwa, watoto mtakaowafundisha watakuwa wakulima, wavuvi na viongozi wa vijiji. Siku moja ataletwa kwao mtaalamu mwenye picha, naye atawaambia ardhi yao ikoje. Twawasihi muwaandae wawe watu wanaoweza kumwuliza rangi hii inapima nini, ilichukuliwa mwezi gani, na ni nani aliyekwenda kuhakikisha kwa miguu.