Mtoto aliyekosea asifungiwe mlango wa elimu

 

Ipo tabia iliyoota mizizi katika familia zetu ambayo leo tunapenda kuisema waziwazi. Kijana akishikwa na simu ya wizi, au akikutwa na bangi, au akitoroka nyumbani na kwenda kulala stendi, baba husema: "Mwacheni akae ndani kidogo, apate adabu." Wapo hata wanaomfikisha wenyewe kituo cha polisi. Madrasa nayo hulifuta jina lake, mwalimu wa shule hushusha pumzi, na mama hubaki akilia jikoni. Kila mmoja hujiona amekwisha kutimiza wajibu wake. Sisi tunaona hapo ndipo wajibu unapoanza.

Tuitazame kwanza sheria ya nchi. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile tuliyoirithi kwa wakoloni, inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya umri wa miaka 18. Kifungu cha 8 kinamtwisha mzazi au mlezi wajibu wa kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu, na pia elimu na maongozi. Wala hakikusema mtoto mtiifu peke yake. Kifungu cha 16 kinawataja wanaohitaji uangalizi na ulinzi: yatima, aliyetelekezwa na jamaa zake, anayeombaomba, anayezurura bila makazi. Kisha kifungu cha 119 kinakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Akitiwa hatiani kwa kosa ambalo mtu mzima angefungwa, mahakama inaweza kuamuru apelekwe shule ya maadilisho. Tuliangalie neno lenyewe: shule. Ndugu zetu wa Zanzibar nao wanayo Sheria yao ya Mtoto, Na. 6 ya mwaka 2011.

Hata hivyo, sheria haiwezi kumlea mtu. Kwa miaka mingi Shule ya Maadilisho Irambo, iliyoko Mbeya, imekuwa ndiyo pekee ya aina yake kwa Tanzania Bara. Mtoto wa Tanga au Lindi akipelekwa huko, nauli ya kwenda kumjulia hali ni mzigo mzito kwa mzazi anayeuza maandazi. Mahabusu za watoto nazo zimo katika miji michache, ikiwamo Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na Mbeya. Kwa hiyo tumaini kubwa la mtoto wa aina hii ni kurejeshwa nyumbani chini ya uangalizi, aendelee na masomo. Sheria inalifungua tumaini hilo: shauri lake husikilizwa faraghani, na afisa ustawi wa jamii pamoja na mzazi au mlezi wanatakiwa wawepo. Sasa hakimu atamkabidhi nani mtoto ikiwa baba amesusa kufika, eti ametiwa aibu?

Aibu hiyo hatuioni katika mwenendo wa Mtume (S.A.W.). Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea habari za Rafi' bin Amr, ambaye alipokuwa mvulana alishikwa akirusha mawe mitende ya Ansari. Alipofikishwa mbele ya Mtume, aliulizwa sababu. Ilikuwa njaa. Mtume akamkataza kurusha mawe, akamruhusu ale zilizoanguka chini, na akamwombea kwa Mola ashibe. Swali lilitangulia, makatazo yakafuata, na mahitaji yake hayakusahauliwa.

La ajabu zaidi ni kisa cha Abu Mahdhura, alichokipokea An-Nasai na wengineo. Mwaka wa 8 Hijria, Mtume akiwa njiani kurejea kutoka Hunayn, kundi la vijana wa Makka liliisikia adhana likaanza kuiigiza kwa kejeli. Ni utovu wa adabu ambao leo ungemtoa mtoto madrasa siku hiyo hiyo. Mtume aliwaita, akamtambua mwenye sauti nzuri miongoni mwao, akamfundisha adhana tamko kwa tamko, akampa mfuko wenye fedha na kumwombea baraka. Kijana yule aliyekuja na kejeli akawa mwadhini wa Makka.

Wako watakaosema kwamba huruma ya namna hii itawaharibu watoto, na kwamba mwenye duka aliyevunjiwa naye ana haki yake. Ni kweli anayo. Sheria yenyewe inaruhusu mzazi aamriwe kulipa fidia, na Uislamu haukuhalalisha mali ya mtu ipotee bure. Mzazi na alipe, na mtoto ajue kwamba kimelipwa na kwa jasho la nani. Hilo ni fundisho zito kuliko usiku kumi wa kulala sakafuni miongoni mwa wahalifu wazoefu.

Serikali nayo ilikwisha kulegeza mlango uliokuwa umekazwa. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliwaruhusu waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, kurejea katika mfumo rasmi. Kwa waliochelewa upo mpango wa MEMKWA. Inasikitisha kwamba mtoto anaweza leo kupokewa tena na shule ya serikali, kisha akakataliwa na madrasa ya mtaani kwake.

Tunawaomba maimamu na kamati za misikiti walichukue jambo hili kama wanavyochukua mazishi: pawepo mtu anayejulikana, ambaye familia ikipatwa humwendea hata usiku. Amsindikize baba mahakamani, aonane na afisa ustawi wa jamii, na itafutwe nauli ya mama kutoka mfuko wa msikiti. Na mwalimu wa madrasa aliyefuta jina la kijana mwaka huu, alirudishe daftarini kabla ya Ijumaa ijayo.