Tujifunze kusema mambo ya moyo kwa Kiingereza



Katika kaye zetu za Kiingereza tuko na maneno mengi: meza, dirisha, ng'ombe, siku za juma. Lakini mtu akituuliza kwa lugha hiyo, "Unajisikia namna gani leo?", wengi wanajibu neno moja tu: "fine". Mwenye homa anajibu "fine". Hata mwenye kufiwa. Sisi tunaona jambo hili si dogo.

Wengine watasema: sisi tuko karibu na mpaka, ng'ambo kule Paidha na Nebbi watu wanasema Kialur kama sisi, basi Kiingereza cha nini? Kwa soko ni kweli. Lakini ukifika Kampala, mbele ya munganga asiyejua Kialur wala Kiswahili, utafanya nini? Tangu mwisho wa mwaka 2017 watu maelfu na maelfu wa Ituri walikimbilia Uganda. Mkimbizi haulizwi habari ya meza na dirisha. Anaulizwa: unaogopa nini? Usiku unalala? Akikosa neno, mwingine atasema kwa ajili yake, na pengine hatasema sawasawa. Tena tangu 2022 inchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiingereza kinatumika sana mle.

Shida inatoka wapi? Kila lugha ina njia yake. Kwa Kiswahili tunasikia: tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia haya. Kwa Kifaransa mtu "ana" njaa, "ana" woga, "ana" haya. Kwa Kiingereza mtu "ni": "I am hungry", "I am afraid", "I am ashamed". Basi mwenye kugeuza neno kwa neno atasema "I hear hunger", na Mwingereza atamwangalia tu.

Kuna mitego ya Kifaransa pia. "Déception" ni huzuni ya mtu aliyekosa kitu alichotumaini. Lakini "deception" ya Kiingereza ni udanganyifu! Mtu aliyekosa nafasi ya masomo akiandika neno hilo katika barua, wakubwa watafikiri anawashitaki. Neno la haki ni "disappointment". Vilevile "énervé" ni mwenye kukasirika, lakini "nervous" ni mwenye wasiwasi. Na angalieni hili: "I am bored" maana yake somo linanichosha, lakini "I am boring" maana yake mimi mwenyewe ninachosha watu.

Tena Mwingereza akisema "I am sorry" kwenye kilio, msifikiri anaungama kosa. Neno lake moja linabeba "pole" na "unisamehe" pamoja.

Basi sisi tunatoa shauri. Kwanza, tusiandike neno peke yake, tuliandike na sababu yake: "I am worried because my brother is late". Neno lenye sababu halipotei kichwani. Pili, tujifunze kupima: "annoyed" ni hasira kidogo, "angry" ni hasira, "furious" ni hasira ya kuwaka moto. Tatu, mwanafunzi aseme kwanza kwa Kialur ao Kiswahili namna anavyojisikia, kisha atafute Kiingereza chake. Asiyejua kutaja jambo la moyo kwa lugha ya mama yake, hatalitaja kwa lugha ya wageni. Walimu wetu wakikubali, maneno matano kwa juma yanatosha.

Tunajua wavulana wengine watacheka na kusema mambo ya moyo ni ya wasichana. Sisi tunawauliza tu: siku utakapokuwa mbali na kwenu, mgonjwa, na mtu mwema anataka kukusaidia, utamjibu "fine"?