Chanda Chema Huvikwa Pete

Mji wa Same umelala chini ya Milima ya Upare, kando ya barabara na reli zipandazo kutoka pwani kwenda Moshi. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe zilifika huko kwa redio na kwa santuri, nazo zikapanda milimani. Alipofariki kwa ajali ya gari katika Kenya, Januari 1979, sauti ya gitaa lake ilikuwa imekwisha kujulikana mahali pengi ambapo uso wake haukupata kuonekana. Hata hivyo, hapana kampuni mashuhuri ya magitaa iliyopata kutoa gitaa lenye jina lake. Waulizwapo wasomi kwa nini, wengi hujibu kwamba haikupasa. Jibu hilo ndilo linalostahili kupingwa.

Husemwa kwamba desturi ya makampuni ya Marekani ya kuliita gitaa kwa jina la mpigaji ni majivuno ya wafanyabiashara. Husemwa tena kwamba Mwafrika hana haja nayo, kwa kuwa muziki wake ni mali ya wote, na lililo la wote haliandikwi jina la mmoja. Maneno haya ni matamu, na kwa kurudiwa mara nyingi yamepata heshima yasiyoistahili. Yakipimwa, yaonekana kuwa ni dhuluma iliyovikwa joho la hekima.

Kwanza desturi yenyewe ielezwe kama ilivyo. Katika 1952 kampuni ya Gibson ilitoa gitaa la umeme lenye jina la Les Paul. Ubishi ungalipo juu ya sehemu gani ilibuniwa na Les Paul na sehemu gani na mafundi wa kampuni waliokuwa chini ya Ted McCarty. Ubishi huo una haki yake, maana fundi naye ni mtu wa kutajwa. Lakini haugusi kiini cha jambo. Kiini ni kwamba jina halikuchukuliwa bure. Lilitolewa kwa mapatano, na gitaa lilipouzwa mwenye jina alikuwa na fungu lake.

Hebu utazamwe mfano wa B.B. King, mtoto wa mashamba ya pamba ya Mississippi. Katika 1949 alikuwa akipiga katika ukumbi wa dansi huko Twist, Arkansas. Watu wawili walipigana, pipa la mafuta yaliyokuwa yakiwaka likapinduka, na nyumba ikashika moto. King alikimbia nje, kisha akarudi ndani ya moto kuokoa gitaa lake. Alipoambiwa kuwa ugomvi ule ulikuwa juu ya mwanamke aitwaye Lucille, alilipa gitaa jina hilo ili asisahau upumbavu wake. Katika 1980 Gibson ilitoa gitaa la Lucille. Kisa cha mtu maskini kilikuwa kimegeuka mali, na mwenye kisa alikuwa hai kuyaona matunda yake.

Robert Johnson hakuwa na bahati hiyo. Aliacha nyimbo 29, zilizorekodiwa San Antonio katika 1936 na Dallas katika 1937. Akafa katika 1938 akiwa kijana. Miaka mingi baadaye likatolewa gitaa lenye jina lake. Heshima ile ilikuwa kubwa, lakini haikununua hata kipande cha mkate kwa mkono ulioistahili. Basi jina pasipo mapatano na mwenyewe ni shada la maua juu ya kaburi.

Na atakayesema kwamba jina si mali, na akumbuke mnada wa 2020, ambapo gitaa moja la Kurt Cobain liliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 6 za Marekani. Mbao zake hazikuwa za dhahabu, wala nyuzi zake hazikuwa za fedha. Kilichonunuliwa ni jina.

Sasa igeukiwe Tanzania. NUTA Jazz, iliyoundwa katika 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Polisi na jeshi walikuwa na bendi zao. Nyingine zilikuwa za matajiri. Katika nyingi ya bendi hizo vyombo vilikuwa mali ya chama, ya idara au ya tajiri. Mpigaji alishika gitaa jioni, akalirudisha usiku; alipohamia bendi nyingine, alikwenda na vidole vyake tu. Ni kweli kwamba wengine walipata mshahara, na mshahara si kitu cha kudharauliwa. Lakini mshahara hukoma siku mtu aondokapo kazini, na wimbo haukomi. Huu ndio umoja unaosifiwa vyumbani mwa masomo: gitaa la mwingine, kanda ya mwingine, faida ya mwingine, na vidole peke yake vya mpigaji. Mali ya wote imekuwa mali ya kila mtu isipokuwa aliyeifanya.

Atatokea wa kusema kwamba kumtaja mtu kwa kazi yake ni ugeni. Na apande Ugweno, katika Upare ya Kaskazini, akawaulize wenyeji habari za Washana. Isaria Kimambo, katika historia ya Wapare aliyoitoa katika 1969, ameeleza mapokeo ya ukoo huu wa wahunzi uliotawala Ugweno kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Washana walinyang'anywa utawala, wala hawakunyang'anywa uhunzi. Chuma cha Upare kiliuzwa hata kwa Wachaga, na jina la ukoo na jina la kazi likawa moja: kusema Mshana ni kusema mhunzi. Wote walilima kwa majembe yale, lakini hapana aliyesema kwamba, kwa kuwa jembe lalimia wote, mhunzi asitajwe wala asilipwe. Basi desturi ya kumtaja fundi haikutoka Marekani. Ilikuwapo milimani, na kinachoitwa ugeni leo ni mila iliyosahauliwa.

Upare una fundisho la pili. Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakakusanyika Same kuipinga kodi iliyoitwa mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa mali zao kwa kipimo wasichokielewa. Hatimaye kodi ile iliondolewa. Mkulima wa 1945 alijua kuuliza: nimepimwa kwa kipimo gani? Mpigaji wa gitaa ana haki ya kuuliza vivyo hivyo: wimbo wangu umechezwa mara ngapi, na fungu langu ni lipi? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 imemfungulia mlango wa kuuliza, maana yamtambua mtunzi na mpigaji pia. Lakini sheria haimlipi mtu asiyejulikana jina.

Hapa ndipo wasomi wanapodaiwa. Haidaiwi Same ijengwe kiwanda cha magitaa. Yadaiwa kwamba kila wimbo wa zamani uandikiwe aliyepiga solo, aliyepiga rithimu na aliyepiga besi, wakati wazee wanaokumbuka wangali hai. Majina ya bendi yamehifadhiwa. Ya wapigaji aghalabu hutafutwa kwa kubahatisha. Mwanafunzi aandikaye tasnifu juu ya umoja wa muziki wa Kiafrika, naye hawezi kuwataja wapigaji watatu wa wimbo anaousifu, ameongeza tabaka moja juu ya dhuluma ile ile.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hawakusema kwamba pete ivikwe mkono wote kwa kuwa vidole ni ndugu. Walikitazama chanda kilichofanya kazi, wakakijua, wakakivika. Vidole vya Tanzania vimepiga vya kutosha, na pete yao bado iko mkononi mwa mtu mwingine.